Mita Janja: Kabla Hujakubali, Kabla Hujakataa



Barua imeingia mlangoni. Pengine ina jina lako, pengine ina jina la mtu aliyeishi nyumba hiyo kabla yako. Inasema kampuni inayokuuzia umeme na gesi inataka kuondoa mita yako ya zamani na kukufungia mita janja, ile ambayo Waingereza huiita "smart meter". Inasema ni bure. Inakuomba upige simu upange siku.

Wengi wetu tukisikia neno bure tunashtuka, na si vibaya kushtuka. Kila baridi inapokaribia, watu huja ofisini kwetu na barua hizi mkononi. Mama mmoja alituambia kwamba mita yake inakula pesa usiku wakati familia yote imelala. Baba mmoja alificha barua kwenye droo miezi mingi, akiogopa kwamba mita itapeleka habari zake Uhamiaji. Kijana mwingine aliletewa bili ya zaidi ya pauni 900, akazima kila kitu chenye joto mwezi wa kwanza mzima, na watoto wakalala na makoti.

Hawa watatu hawakuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutoamini. Kilichokosekana ni namba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika nchi hii umeme na gesi ni mali inayopotea haraka. Makala haya yanaeleza mita janja inafanya nini, haifanyi nini, na wapi unapaswa kuwa macho. Yanahusu Uingereza, Uskoti na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Tulikotoka na tulipo

Ukitoka Tanzania unaijua LUKU. Ukitoka Kenya unazijua tokeni, na ukitoka Rwanda au Burundi unaijua Cash Power. Unanunua uniti kwa simu au dukani, unapata namba ndefu, unaibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Uniti zikiisha, giza. Hakuna bili wala barua ya deni. Wengine wetu tumetoka Nyarugusu au Kakuma, ambako mwanga ulikuwa wa sola na chakula kilipikwa kwa kuni.

Hapa nyumba nyingi hutumia kwanza na kulipa baadaye. Maana yake kampuni lazima ijue umetumia kiasi gani. Kwa mita ya zamani, mtu lazima aisome: ama wewe unatuma namba, ama kampuni inatuma msomaji. Ikikosekana namba, kampuni inakisia. Inaangalia nyumba kama yako hutumia kiasi gani, kisha inakuandikia bili ya kukisia. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Mita janja ni kitu gani

Ni mita kama nyingine, ila inajisoma yenyewe na kupeleka namba kwa kampuni kupitia mtandao wake wa pekee. Haitumii intaneti ya nyumbani kwako, kwa hiyo huhitaji kuwa na intaneti. Kusini na katikati ya nchi hupeleka namba kwa mtandao wa simu za mkononi. Kaskazini mwa Uingereza na Uskoti hutumia mawimbi ya redio ya masafa marefu.

Kwa kawaida utafungiwa mita mbili, moja ya umeme na moja ya gesi, halafu utapewa kioo kidogo cha kuweka jikoni au sebuleni. Kioo kinakuonyesha matumizi yako kwa pauni na peni. Upande wa umeme namba hubadilika kila baada ya sekunde chache. Upande wa gesi hubadilika kila nusu saa, kwa sababu mita ya gesi inaendeshwa na betri na haiwezi kuongea wakati wote. Usishangae ukiwasha boila na kioo kikakaa kimya.

Mita hizi si za wageni wala za maskini peke yao. Mpaka mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa zimefungwa zaidi ya milioni 35, karibu theluthi mbili ya mita zote.

Nani anafaidika? Kampuni inaokoa gharama ya kutuma wasomaji. Wanaoendesha gridi ya taifa wanajua vizuri zaidi umeme unahitajika saa ngapi. Wewe unapata bili inayofuata namba halisi. Lakini elewa jambo hili: mita haipunguzi bili kwa kufungwa tu ukutani. Inapungua ukiangalia kioo na kubadilisha unavyotumia.

Na je, ni bure kweli? Siku ya kufunga hutatoa hata peni moja. Ila gharama ya kazi hii yote imeingizwa katika bei ambayo wateja wote wanalipa, wenye mita janja na wasio nayo. Kwa hiyo umekwisha kuichangia. Mtu akija mlangoni akakudai pesa ya kufunga mita janja, huyo ni tapeli.

"Mita inakula pesa tukiwa tumelala"

Yule mama alikuwa anasema kweli. Kila nyumba hulipa ada ya kila siku, hata kama hakuna kitu kilichowashwa. Kwenye bili imeandikwa "standing charge". Ni ada ya kuunganishwa na nyaya na mabomba. Katika mwaka 2025, kwa nyumba nyingi ada hiyo ilikuwa kati ya peni 50 na 61 kwa siku upande wa umeme, na peni 30 na ushei upande wa gesi. Kioo huiweka inapoingia siku mpya, saa sita usiku. Ndiyo maana ukiamka asubuhi unakuta umeshatumia peni 80 au 90 kabla hujachemsha chai.

Anayelipia kabla lazima aelewe jambo hili zaidi. Wakati wa joto hutumii gesi, hivyo huweki pesa. Ada ya kila siku inaendelea kujilimbikiza. Mwezi wa kumi baridi inaingia, unaweka pauni 20, na mita inameza sehemu kubwa ili kulipa ada za miezi iliyopita. Dawa yake ni kuweka kidogo kidogo hata wakati wa joto.

Juu ya ada kuna bei ya uniti, na uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Katika mwaka 2025 uniti ya umeme ilikuwa kati ya peni 24 na 28, na ya gesi kati ya peni 6 na 7. Bei hizi zina kikomo kinachowekwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia kampuni za nishati, na kikomo hubadilishwa kila miezi 3. Watu wengi wanakosea hapa. Wanasikia kwenye habari kwamba bili haiwezi kuzidi kiasi fulani, wakidhani ni mwisho wa bili. Kikomo ni cha bei ya uniti na cha ada ya kila siku. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 ili kumaliza uniti moja. Birika la umeme la kilowati 3 linamaliza uniti moja kwa dakika 20. Hita ya kuchomeka ya kilowati 2 inamaliza uniti 2 kwa saa moja. Ukiiwasha saa 5 kila jioni, ni uniti 10, yaani pauni 2 na nusu hivi kwa siku, karibu pauni 78 kwa mwezi. Tumeona nyumba ambako watoto wanagombezwa kwa kuacha taa ya chooni, na huku hita ya kuchomeka inawaka chumbani tangu saa kumi. Taa haiwezi kukufilisi. Vitu vinavyotoa joto ndivyo vya kuangalia.

Ukishuku kwamba mita yenyewe ni mbovu, fanya jaribio hili. Zima na uchomoe kila kitu, hata friji kwa dakika chache. Nenda kwenye mita, iangalie. Kama namba ya umeme bado inapanda wakati hakuna kitu kinachotumia, kuna tatizo. Huenda umesahau kitu, kama hita ya maji. Huenda nyaya za nyumba nyingine zimeunganishwa kwako. Kwenye majengo ya ghorofa hutokea pia kwamba bili inafuata mita ya jirani. Linganisha namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye mita na ile iliyo kwenye bili. Zisipofanana, pigia kampuni simu siku hiyohiyo. Una haki pia ya kuomba mita ipimwe, ila uliza kwanza gharama, kwa sababu ikionekana ni nzima unaweza kudaiwa.

"Inapeleka habari zangu kwa nani?"

Mita haina kamera wala kipaza sauti. Haihifadhi jina lako, anwani yako wala habari za benki. Inachopeleka ni namba za umeme na gesi uliyotumia, na taarifa za mita yenyewe, kwa mfano kama ina hitilafu. Kazi yake ni bili na gridi. Haikutengenezwa kwa ajili ya Uhamiaji, na mtu asikutishe kwa hilo.

Lakini hatutakuambia kwamba namba hazisemi kitu. Anayeona matumizi ya kila nusu saa anaweza kukisia saa mnazoamka na siku ambazo hamko nyumbani. Kwa sababu hiyo sheria inakupa nafasi ya kuchagua. Kwa ajili ya bili, namba moja kwa mwezi inatosha. Iulize kampuni unaweza kuchagua ipi: ya kila mwezi, ya kila siku, au ya kila nusu saa. Ya kila nusu saa ina faida kwa mwenye mpango wa bei inayobadilika, kwa mfano umeme wa bei nafuu usiku. Unaweza kubadilisha uamuzi wako baadaye. Kampuni haina ruhusa ya kutumia namba hizo kukuuzia vitu bila wewe kukubali. Uliza swali hili siku unapopanga kufungiwa, na andika jibu.

Namba ya kweli na namba ya kukisia

Turudi kwa kijana wa pauni 900. Aliishi miezi kadhaa katika nyumba mpya bila kutuma namba za mita, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa. Bili ilipokuja, pembeni mwa namba kulikuwa na herufi E. E maana yake ni makisio, na mara nyingine neno lenyewe "estimated" huandikwa. Tulikwenda naye mpaka kabatini chini ya ngazi, akapiga picha ya mita kwa simu. Namba halisi ilikuwa chini sana kuliko ile ya bili. Kampuni ilipopewa picha, ilitoa bili mpya ambayo haikufika nusu ya ile ya kwanza. Mwezi mzima wa baridi ulikuwa umepita kwa sababu ya namba ambayo mtu hakuisoma.

Kwa mtu wa namna hii mita janja inasaidia sana, maana inaondoa kukisia. Hata hivyo kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, mita janja inaweza kuacha kuwa janja. Mwishoni mwa mwaka 2023 serikali yenyewe ilihesabu mita karibu milioni 4 ambazo hazikuwa zikipeleka namba ipasavyo. Baadhi ni za kizazi cha kwanza, ambazo zilinyamaza pale mteja alipohamia kampuni nyingine. Nyingine ziko mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Mita ya namna hiyo bado inahesabu vizuri, lakini lazima uisome na kutuma namba mwenyewe, la sivyo kampuni itarudi kukisia. Kwa hiyo hata ukiwa na mita janja, angalia bili kila mwezi uone kama kuna E.

La pili, makato ya benki. Wengi tunalipa kwa "Direct Debit", kiasi kilekile kila mwezi. Mtu anasema: nina mita janja, mbona wananikata pauni 140 wakati mwezi huu nimetumia 60? Jibu ni kwamba mita inapima ulichotumia, lakini kiasi cha makato ni makadirio ya mwaka mzima yaliyogawanywa kwa miezi 12. Wakati wa joto unaweka akiba, wakati wa baridi unaitumia. Hilo si wizi, lakini lina mipaka. Akiba ikikua sana, una haki ya kuomba irudishwe, na kampuni lazima ieleze ilivyofikia kiasi inachokata. Kama mmepungua nyumbani au mmebadilisha matumizi, omba wapige hesabu upya.

La tatu, bili ya zamani sana. Kama kampuni haikukuletea bili sahihi kwa kosa lake, haiwezi kukudai nishati uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita. Sheria hii ipo tangu mwaka 2018. Haimlindi mtu aliyemzuia msomaji makusudi au aliyeiba umeme. Ukipata bili kubwa ghafla, kabla ya kulia na kabla ya kulipa, angalia tarehe: inaanzia lini?

Mahali ambapo hofu ina msingi

Wenyeji wa nchi hii nao hawaziamini sana kampuni za nishati, na wana sababu. Bei zilipopanda mwaka 2021 na 2022, zaidi ya kampuni 25 zilifilisika, na mamilioni ya wateja wakahamishiwa kampuni ambazo hawakuzichagua. Ikikutokea, tulia: umeme haukatiki na akiba yako inalindwa. Soma mita, piga picha, subiri kampuni mpya ikuandikie.

Kisha, Februari 2023, gazeti la The Times lilifichua jinsi wakusanya madeni walivyokuwa wakivunja na kuingia nyumba za wadaiwa, zikiwemo nyumba zenye watoto wadogo na walemavu, ili kufunga mita za kulipia kabla kwa nguvu. Kwa mtu wa kipato kidogo, mita ya namna hiyo ina hatari yake: pesa ikiisha, joto linakwisha, na hakuna anayejua. Ofgem ilizitaka kampuni zisimamishe kazi hiyo, na Novemba 2023 kanuni mpya zikaanza kutumika.

Hapa ndipo mita janja inapohusika. Mita ya zamani ilihitaji mtu kuja na hati ya mahakama na fundi. Mita janja inaweza kugeuzwa kuwa ya kulipia kabla kutoka mbali, bila mtu kugonga mlango. Hili ndilo jambo moja ambalo tungependa kila msomaji alijue, kwa sababu halimo katika vipeperushi vyenye picha za familia zinazotabasamu.

Kanuni za 2023 zinahusu njia zote mbili, ya kuja nyumbani na ya kugeuza kwa mbali. Kampuni lazima ijaribu kuwasiliana na wewe angalau mara 10 kabla ya kukulazimisha. Haitakiwi kabisa kulazimisha nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2, mzee wa miaka 75 au zaidi asiye na msaidizi ndani, mgonjwa mahututi, au mtu ambaye afya yake inategemea joto au mashine ya umeme. Nyumba yenye watoto chini ya miaka 5 lazima ichunguzwe kwanza.

Lakini kampuni haiwezi kujua usichoiambia. Wenzetu wengi wanaona aibu kusema kwamba nyumbani kuna mgonjwa au mtoto mchanga. Piga simu uombe kuandikwa katika daftari la wateja wanaohitaji huduma maalumu, liitwalo "Priority Services Register". Ni bure. Na barua za madeni zisiwekwe kwenye droo. Kila barua uliyoinyamazia inahesabiwa kuwa ni jaribio la kukutafuta. Ukipiga simu kabla mambo hayajaharibika, kampuni inatakiwa kukubaliana nawe malipo ya kidogo kidogo kulingana na uwezo wako.

Kukubali au kukataa

Mita janja si lazima. Unaweza kukataa bila kueleza sababu, na unaweza kukataa leo ukakubali mwakani. Ila kama mita yako ya zamani imechakaa au ni hatari, kampuni inaweza kulazimika kuibadilisha, na siku hizi mara nyingi italeta mita janja.

Ukiwa mpangaji na bili iko kwa jina lako, uamuzi ni wako. Soma mkataba wa nyumba na umwarifu mwenye nyumba. Kama mwenye nyumba ndiye anayelipa bili, uamuzi ni wake.

Kwa maoni yetu, mtu anayelipia kabla kwa ufunguo au kadi hupata nafuu kubwa akibadilisha. Unaweka pesa kwa simu ukiwa kitandani, huhitaji kukimbilia duka usiku na mvua. Pesa ikigoma kuingia, utapewa namba ya tarakimu 20 uibonyeze kwenye mita. Wa LUKU hapo mko nyumbani. Kwa mtu mwenye deni kubwa na barua za vitisho, ushauri wetu ni kwanza kupanga malipo ya deni na kuandikishwa katika daftari la huduma maalumu, ndipo azungumze habari za mita mpya.

Siku ya fundi

Fundi wa kweli anakuja kwa miadi. Ana kitambulisho chenye picha. Ukiwa na shaka, mwache nje, funga mlango, na upige namba iliyo kwenye bili yako, si ile atakayokupa yeye. Hana haja ya namba za benki yako, na hana ruhusa ya kukuuzia kitu siku hiyo. Ujumbe wa simu unaokutaka ubonyeze kiungo ili upate mita au ruzuku, ufute.

Kabla hajaondoa mita ya zamani, piga picha ya namba zake za mwisho, za umeme na za gesi. Zikikosewa hapo, bili ya kwanza itakuwa ya ugomvi. Baada ya kufunga, piga picha ya mita mpya, na mwambie akuonyeshe jinsi ya kuisoma bila kioo. Kioo kinaweza kuharibika, mita inabaki.

Utaratibu huohuo wa picha ufanye siku unapohamia nyumba yoyote, hata kama umechoka na masanduku yako mlangoni. Usitumie ufunguo au kadi ya mita ya mpangaji aliyeondoka, maana unaweza kujikuta unalipa deni lake. Pigia kampuni simu, taja tarehe uliyoingia, omba ufunguo wako mwenyewe.

Mkigombana na kampuni

Anza na kampuni yenyewe. Ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili. Kampuni nyingi wanao kwa njia ya simu na hulipi. Sema wazi kwamba unaleta malalamiko, kwa sababu neno hilo linaanzisha utaratibu rasmi. Andika tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye na alichoahidi.

Zikipita wiki 8 bila suluhisho, au kampuni ikikuandikia kwamba imefika mwisho, unaweza kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi wa migogoro ya nishati. Huduma yake ni bure, na akiamua na wewe ukakubali, kampuni lazima itii. Ushauri wa bure unapatikana pia Citizens Advice, simu 0808 223 1133. Uskoti ina huduma yake ya ushauri.

Namba mbili zaidi za kubandika kwenye friji: umeme ukikatika mtaa mzima, piga 105. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi, toka nje, piga 0800 111 999.

Yule mama wa mwanzo bado hazipendi kampuni za umeme, na hatukumwomba azipende. Lakini amenunua daftari la kurasa 40. Kila tarehe mosi anaandika namba ya umeme, namba ya gesi, na pesa iliyokatwa benki. Msimu wa baridi uliopita alituletea bili yenye kosa. Alikuwa ameligundua mwenyewe, ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho. Tulichofanya sisi ni kupiga simu tu.

Ukipata barua ya mita na hujui la kufanya, usiizimie hita. Njoo nayo ofisini, pamoja na bili yako ya mwisho na picha ya mita.